Hodi ya Tatu kwenye Banda la Nguruwe

Siku nilipopata habari kwamba Otmari wa Matiri amefariki, nilikuwa nimenuna kwa sababu ya mwizi mwingine. Huyu wangu anaitwa Festo, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, jirani yangu wa nyumba ya nne hapa Mbinga mjini. Aliniibia kuku, tena kuku niliowachanja kwa mkono huu huu uliochanja kuku wa wilaya nzima kabla sijastaafu. Akakamatwa, akafungwa, akatoka, na mpaka hapo sina neno. Kilichoniudhi ni kwamba hata miezi mitatu haikupita tangu atoke, mjomba wake akamwachia pikipiki mpya kabisa, na sasa Festo anapita mbele ya geti langu asubuhi na jioni, miwani ya jua usoni, anapiga honi: "Shikamoo, Bibi Shamba!" Naitikia marahaba kwa sababu nina malezi, lakini moyoni nasema, huyu na neema wapi na wapi? Mimi nimefanya kazi ya serikali mpaka goti limegoma, na pikipiki kapewa aliyekula kuku wangu. Nimeyasema hayo dukani, nimeyasema sokoni, na mtu yeyote aliyekosea kuniuliza habari za afya ameyasikia pia. Basi simu ikaja: Otmari anazikwa kesho. Asubuhi yake nikafika stendi nikiwa nimechelewa, gari la Matiri limeshaondoka, na pikipiki iliyokuwa inasubiri abiria ilikuwa moja tu.

Nilipanda. Anayetaka kucheka na acheke. Nilishika chuma cha nyuma ya kiti ili nisimguse Festo, nikakaa wima kama mtu wa kwenye picha ya ukutani, na nilivumilia hivyo mpaka mteremko wa kwanza. "Bibi, nishike mimi," akasema bila kugeuka, "hicho chuma kimelegea." Nikamshika. Ndivyo mwizi wa kuku wangu alivyonipeleka kumzika mwizi wa nguruwe wa Mzee Menas, mwenye nyumba wangu wa zamani, na njia nzima sikuwaza kifo. Niliwaza mwaka wangu wa kwanza kazini.

Habari za Kondoa nilikotoka na za waliolia nilipopangiwa kazi Ruvuma naziacha. Nilifika Matiri mwezi wa pili nikiwa na cheti cha kilimo, sanduku la bati na kiburi cha chuo, na ofisi ya kata ikanipangia chumba kwa Mzee Menas. Kilikuwa chumba cha pembeni, dirisha moja la mbao likitazama banda la nguruwe. Ukuta wa upande wa pili haukufika juu, ulikoma chini ya kenchi, na nyuma yake ndipo palipokuwa na sengu. Kwa Wamatengo sengu ni mahali wanaume wa ukoo mmoja wanapokula pamoja na kuamua mambo yao, na pale Mzee Menas ndiye aliyekuwa mkubwa wake. Kwa hiyo nililala, niliamka na niliandika ripoti zangu huku nikisikia mashauri yote ya ukoo, nani ameoa vibaya, nani amehamisha mpaka wa kahawa, nani anakohoa sana. Mama Winfrida, mke wa mzee, aliponiuliza siku ya kwanza mbona sijagusa nyama, nikamwambia mimi ni Mwislamu, alishika kifua kana kwamba nimemwambia ni mgonjwa. Kesho yake alinunua chungu kipya, akakifunga kitambaa chekundu shingoni, akatangaza nyumba nzima: "Hiki ni cha Mwanaidi. Atakayepikia nguruwe humu, ataupika na mkono wake humo humo." Mwaka mzima nilikula kutoka kwenye chungu hicho, maharage, majani ya maboga, na dagaa wa ziwani waliokaangwa mpaka wakakauka, na sijawahi kunenepa vile tena.

Otmari naye alirudi mwezi wa tatu, akitokea jela. Kisa chake nilisimuliwa kabla hata sijamwona, na kila aliyenisimulia alianzia mwisho, kwenye harufu. Miaka mitatu kabla yake Otmari aliingia banda la Mzee Menas akachukua nguruwe aliyekuwa akinenepeshwa kwa ajili ya Pasaka. Kuiba ni kuiba, lakini Otmari aliiba wakati wa Kwaresima, akamchoma Ijumaa, katika kijiji cha Wakatoliki ambao kwa wiki tano nzima hawakuwa wamenusa kitu zaidi ya mboga za majani. Harufu ilishuka bondeni, ikapanda mlima wa pili, na watu wakaifuata wakiwa wametoka Njia ya Msalaba, rozari mkononi. Walimkuta ameshika mbavu za nguruwe. Mahakamani hakimu alimuuliza kama ana sababu ya kupunguziwa adhabu, mtoto mgonjwa, njaa, chochote. Otmari akasema, "Hapana, mheshimiwa. Nilitamani." Mkewe Skola, aliyetoka kwa watu wa ziwani, alifunga mizigo yake wiki ile ile akarudi kwa baba yake Mbaha. Ukoo wa Mzee Menas, ambao ndio wa Otmari pia, nao wakakaa kwenye sengu wakatoa hukumu yao wenyewe juu ya ile ya hakimu: shamba la Otmari lisiguswe na mtu, lisilimwe, lisikatwe hata majani ya mbuzi, libaki hivyo hivyo liwe aibu yake mbele ya wapita njia.

Nilimwona mara ya kwanza kanisani, kwa sababu mtendaji wa kijiji alinishauri niende kuwasalimia wakulima nje baada ya misa. Mtu mrefu, mkimya, kichwa kimenyolewa. Padri alipompa mkono akamuuliza hali, Otmari alibana miguu akajibu, "Nzuri, afande!" Watu walicheka mpaka katekista akawatuliza. Jela ilikuwa bado haijamtoka mwilini. Aliamka kabla ya jogoo, alichuchumaa kila alipoona watu wamepanga mstari, na alilima kwa kuhesabu kwa sauti. Ule ulikuwa msimu wa kuandaa ngolo, yale mashimo ambayo Wamatengo wanachimba kwenye miteremko yao. Kazi yake ina mgawo. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza chini katika mistari inayokatana kama kitambaa cha mirabamiraba, kisha wanawake wanakuja na majembe, wanachimba udongo wa katikati na kuufukia juu ya majani, na juu ya tuta hilo wanapanda maharage. Mwanamume hafukii. Lakini Otmari hakuwa na mke, na hakuna mwanamke aliyekuwa tayari kuonekana kwenye shamba la aibu, kwa hiyo alifyeka asubuhi akafukia mchana. Wenzake walisimama barabarani kumtazama. "Otmari amejioa mwenyewe!" wakapiga kelele. Yeye akaendelea: "Kumi na tisa... ishirini..." Mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko yote niliyowahi kuona, na mimi nilicheka pamoja nao, nakiri, kwani nilikuwa mgeni na nilitaka kupendwa.

Mwezi wa nne kamati ya kilimo ya kijiji ilikaa kupanga zawadi ya mkulima bora wa maharage. Mwenyekiti alikuwa Mzee Menas, ambaye alikuwa ameshinda zawadi hiyo kila mwaka tangu ianzishwe. Mtendaji alipendekeza toroli. Mzee Menas akatikisa kichwa. "Toroli ninalo," akasema, kisha akajirekebisha, "yaani, watu wanayo." Akapendekeza nguruwe jike wa mbegu nzuri, mweupe, mwenye masikio ya kulala. Ikapita. Mimi kama bibi shamba nilipewa kazi ya kupima mavuno ya kila mshindani na kuandika jina la mshindi. Mzee alinipa hata ushauri tukiwa njiani kurudi nyumbani: "Usijichoshe sana na kupima, binti yangu. Kalamu yenyewe inajua njia." Alikuwa anatania, na hakuwa anatania.

Katikati ya mwaka nilitumwa wiki moja huko chini ziwani kutazama ugonjwa wa muhogo, na Otmari akaomba anisindikize, anibebee sanduku la vifaa. Sikuelewa kwa nini mpaka tulipofika Mbaha, kwenye nyumba ya baba yake Skola. Tulikaribishwa ugali wa muhogo na dagaa wabichi, tukala tumekaa kwenye mkeka, upepo wa ziwa ukipeperusha mchanga mpaka kwenye mboga. Yule baba mkwe alizungumza nami muda wote kana kwamba Otmari ni sanduku nililokuja nalo. "Mwambie huyo uliyekuja naye ale," akasema. Nikamwambia Otmari ale. "Mwambie binti yangu yupo, mzima." Nikamwambia. Skola alipita uani mara tatu akiwa amebeba ndoo ile ile, na kila mara ndoo ilikuwa tupu. Mwishowe mzee akasema, "Mimi sina shida na jela, mwanangu. Jela ni ya wanadamu. Lakini simrudishi mtoto wangu kwa mtu ambaye watu wake mwenyewe wanamruka kama dimbwi. Siku watu wa Matiri watakapomwita mtu, mimi nitamwita mkwe." Otmari aliinamia sahani. Ndipo nilipoona kwamba yale maharage aliyokuwa anayahesabu hayakuwa maharage tu, na aibu ya kucheka kwangu pale barabarani ikanishika hapo hapo mkekani, mbele ya dagaa.

Tulipovuna, nilipima shamba la Mzee Menas nikaridhika. Nilipima ya wengine. Nikapima la Otmari, nikadhani nimekosea, nikapima tena. Katika eneo lile lile, alikuwa amepata karibu mara mbili ya mzee. Nilirudi chumbani, nikafunga mlango, nikakaa na karatasi yangu kitandani. Mama Winfrida aliniletea chai ya mchaichai na mihogo ya kuchemsha, akaniambia, "Umekonda ghafla, mwanangu." Nje, nguruwe wa zawadi alikuwa ameshaletwa na amewekwa kwenye banda la Mzee Menas, wiki mbili kabla ya siku yenyewe, kwa sababu, mzee alisema kwa sauti ya kusikika barabarani, kijijini kuna wezi. Alikuwa ameshampa jina, Malkia, na alimpelekea pumba mwenyewe. Nilishika kalamu. Sitajifanya malaika: nilikuwa mwajiriwa wa majaribio, nalala kwenye nyumba yake, nakula kwenye chungu kilichonunuliwa kwa ajili yangu, na tarakimu moja tu ingetosha. Niliogopa sana. Nikaandika Otmari, nikaipeleka kwa mtendaji mbio mbio kabla sijabadili mawazo.

Habari ilifika sengu Jumapili, baada ya misa, kabla ya chakula. Nilijilaza chumbani nikajifunika kanga mpaka puani, kana kwamba kanga inazuia kuonekana nyuma ya ukuta. "Huyu mtu," sauti moja ilianza, "kafungwa kwa nguruwe. Kala nguruwe, kala ugali wa serikali miaka mitatu, katoka, sasa apewe nguruwe mwingine? Basi na sisi tukaibe." Mzee Bonifas, aliyekuwa mkubwa kwa umri kuliko wote, akasema adhabu imekwisha, hakimu ndiye aliyesema iishe lini, na sengu si mahakama ya rufaa. Mwingine akadakia, "Mungu amemsamehe, sikatai. Lakini Mungu hakuwa na nguruwe." Hapo wakacheka, ila Mzee Menas hakucheka. "Pasaka ile," akasema polepole, "wageni wangu kutoka Kingerikiti walikula maharage. Maharage! Siku ya Pasaka!" Nilimsikitikia, kwa kweli. Machungu yake hayakuwa ya kuigiza. Kisha akasema kuna uchawi, haiwezekani mtu afyeke, afukie, apande peke yake na awashinde watu wenye wake na watoto. Halafu sauti yake ikaja juu ya ukuta, ya upole ajabu: "Bibi Shamba, umelala?"

"Nimelala, baba," nikasema.

"Vizuri. Basi kwa kuwa umelala, tuambie. Shamba la mwizi limetushinda kwa nini?"

Niliketi kitandani. Nikaueleza ukuta kila kitu nilichofundishwa chuoni, na mambo mengine ambayo wao wenyewe walinifundisha mwaka ule: kwamba nguvu ya ngolo ni majani yanayozikwa chini ya tuta, na kwamba ardhi yao imechoka kwa kulimwa kila mwaka bila kupumzishwa. "Shamba la Otmari limepumzika miaka mitatu," nikasema. "Majani yalifika kifuani. Yote ameyazika. Hakuna uchawi, baba, ni mbolea."

"Na nani alilipumzisha?" akauliza Mzee Menas, na nadhani alishajua, kwa maana sauti ilishuka kabla ya kufika mwisho.

"Ninyi," nikasema. "Hapo hapo mlipokaa."

Nilisikia kijiko kikiwekwa chini. Halafu Mzee Bonifas akaanza kucheka, cheko la kizee lenye kikohozi ndani yake, likawaambukiza wawili, watatu, mpaka sengu nzima ikawa inapiga mapaja. "Menas!" Bonifas akasema akivuta pumzi. "Mwenzetu alikuibia nguruwe, wewe ukamlipa kwa kumtunzia shamba!" Mzee Menas aliondoka bila kula. Siku sita zilizofuata hakunisemesha, ila Mama Winfrida aliendelea kuniletea chungu changu, na mara moja alininong'oneza, "Acha anune. Kununa nako kuna mwisho."

Jumamosi tulikusanyika uwanja wa shule. Baba mkwe wa Otmari alikuwa amepanda kutoka ziwani na tenga la dagaa, akijifanya amekuja kuuza, na hakuuza hata kikombe kimoja. Mtendaji alisoma jina. Makofi yalikuwa machache na ya woga, watu wakimtazama kwanza Mzee Menas ili wajue wapige kwa nguvu gani. Mzee, kama mwenyekiti, alikuwa ameshika kamba ya Malkia. Alisimama nayo. Otmari akanyoosha mkono. Nguruwe, ambaye ndiye pekee asiyejua kilichokuwa kinaendelea, aliona mikono miwili mbele yake akakurupuka. Alipita katikati ya kwaya, akaja moja kwa moja kwangu, na mimi, mtumishi wa serikali, nikajikuta juu ya meza ya mgeni rasmi na viatu vyangu. Kijiji kizima kikamfukuza. Malkia hakupotea njia hata kidogo. Aliteremka, akakata kona kwenye mgomba, akaingia alikozoea kulishwa, kwenye banda la Mzee Menas.

Otmari alifika wa kwanza na akasimama mlangoni. Banda lile lile. Watu wakafika wakihema, wakazunguka. "Ingia umchukue!" vijana wakapiga kelele. "Njia si unaijua!" Vicheko. Otmari hakuingia. Jasho lilikuwa linamtoka, na mikono ameiweka nyuma kama mfungwa anayehesabiwa. "Siingii," akasema. "Mara ya kwanza niliingia humu bila kubisha." Kisha akageukia banda, nguruwe akimtazama kutoka ndani, akasema kwa sauti ya mtu aliyefika kwenye nyumba ya watu: "Hodi."

Watu walicheka tena, lakini kicheko kilikatika njiani. Mzee Menas alikuwa amefika, fimbo mkononi, na hakujibu. Kila mtu pale alijua desturi. Unabisha mara tatu, na usipoitikiwa, unageuka unakwenda zako, huna la kumlaumu mwenye nyumba. "Hodi," Otmari akasema mara ya pili. Nilimtazama baba mkwe wake. Alikuwa ameliweka tenga chini. Mama Winfrida alitoka jikoni na mwiko wake, akasimama nyuma ya mumewe. Sijui mzee aliwaza nini muda ule, pengine wageni wa Kingerikiti, pengine majani yaliyofika kifuani. Najua tu kwamba mimi niliomba dua kwa ajili ya nguruwe, jambo ambalo sijawahi kumweleza shehe yeyote.

"Hodi," Otmari akasema mara ya tatu.

Mzee Menas alikohoa. "Karibu," akasema. Halafu, kwa hasira, kana kwamba anamgombeza: "Karibu ndani, na uangalie kizingiti kile, kimeoza. Utaanguka."

Otmari aliinama akaingia. Alipotoka na Malkia alikuwa analia waziwazi, na hapo ndipo makofi yalipopigwa bila kumtazama mtu. Baba mkwe alisogea, akampa mkono. "Mkwe," akasema, "nimekuletea dagaa." Skola alirudi mwezi uliofuata. Malkia alipozaa, mtoto wa kwanza jike Otmari alimpeleka kwa Mzee Menas, mchana kweupe, na mzee akamlalamikia kwamba ana masikio mafupi, kisha akamlea mpaka akawa mkubwa kama ng'ombe. Mimi nilikaa Matiri miaka mingine sita, na sikuomba uhamisho.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani tulipofika msibani. Tulimzika Otmari kwenye mteremko juu ya shamba lake, na watu walikuwa wengi hata wengine wakasimama ndani ya mashimo ya ngolo. Skola sasa ni bibi kizee, lakini alinitambua kutoka mbali. Mchana, waombolezaji wakila nyama, aliniletea dagaa waliokaangwa, kwenye chungu kidogo kilichofungwa kitambaa chekundu. "Mama Winfrida aliniachia agizo," akasema. Nililia kwa ajili ya chungu kuliko nilivyolia kaburini. Festo alinisubiri nje kwenye pikipiki yake, ameivua miwani, anakula sahani aliyopelekewa na watu wasiomjua.

Tulirudi kabla jua halijazama. Nilimshika kiunoni njia nzima, bila kuambiwa. Skola alikuwa amenifungia maharage kwenye kiroba, na goti langu lilikuwa limekufa kabisa, kwa hiyo Festo alikibeba. Nilifungua geti, nikaingia, nikafika mlangoni, nikageuka. Hakuwa nyuma yangu. Alikuwa amesimama nje ya geti lililo wazi na kiroba begani, anatazama banda langu la kuku, halafu ananitazama mimi, na mguu hausogei.

"Hodi, Bibi," akasema.

Sikutaka afike hodi ya pili.

"Karibu," nikamwambia. "Karibu ndani, Festo."